Mtani Wangu Telesphor na Mfereji wa Waingereza

Kabla sijasema jambo lolote jema juu ya Telesphor Ngowi, ni lazima msomaji ajue kwamba yeye ni Mchaga wa Kibosho na mimi, Lydia, ni Mpare wa Makanya. Sisi ni watani. Nikimwita bahili, nikimwita kichwa ngumu, nikisema kwamba sarafu yake ikitumbukia kisimani ataingia yeye kwanza ndipo atume watu wakalete kamba, hana ruhusa ya kununa. Naye husema kwamba sisi Wapare huuza ng'ombe ili tuendeshe kesi ya kuku. Huo ni uongo mtupu. Wakati mwingine kesi yenyewe huwa ya yai.

Nyumba zetu zinatazamana, hapa Wembley. Telesphor alifika London miaka ya themanini akaajiriwa udereva wa basi, namba kumi na nane, na kwa maisha yake yote ya kazi alikuwa akienda na Harrow Road na kurudi na Harrow Road hiyo hiyo mpaka alipostaafu. Mkewe Margaret, Mungu amrehemu, alikuwa nesi na rafiki yangu wa chanda na pete. Alipofariki mimi ndiye niliyefanya kazi ya mtani msibani. Nilivaa koti la kazi la Telesphor, nikasimama mlangoni nikawa nawakatia waombolezaji tiketi, na aliyesimama kizingitini nilimwamuru asogee nyuma ya gari. Watu walicheka huku wanalia. Telesphor mwenyewe alicheka, na hiyo ndiyo siku ya mwisho kumwona anacheka kwa muda mrefu sana.

Jambo la pili la kujua ni kwamba mtu huyu aliwachukia waendesha baiskeli kuliko alivyomchukia shetani. Aliwaita inzi. Wanakuja kulia, wanakuja kushoto, ukiwapigia honi wanakuonyesha kidole. Chuki hiyo ilikuwa na mzizi ambao hakupenda usemwe: yeye mwenyewe hakujua kuendesha. Angejulia wapi? Kibosho ni mlima. Ukipanda baiskeli kuteremka husimami mpaka Moshi mjini, na wakati wa kurudi unaibeba wewe. Mimi nimekulia tambarare, kwenye mashamba ya mkonge, na baiskeli ya baba nilianza kuiendesha kwa kupitisha mguu katikati ya fremu kabla sijafikia kiti.

Sasa nije kwenye ugomvi, maana bila ugomvi Mchaga yule angekuwa bado amekaa mbele ya televisheni.

Telesphor na Margaret walijaliwa mtoto mmoja, Manka, aliyezaliwa hapa hapa London. Anafundisha watoto kuogelea. Kiswahili anakielewa chote, hata matusi, ila ukimsemesha hukujibu nusu kwa Kiingereza. Mumewe ni Harrison, kijana wa Kikenya mwenye mikono ya dhahabu, fundi seremala. Kodi za nyumba za mji huu anayezilipa anazijua, na wao zikawashinda. Wakafanya kama wanavyofanya vijana wengi siku hizi: wakanunua boti, zile ndefu nyembamba za kwenye mfereji, Harrison akaitengeneza ndani, wakahamia humo. Wenye boti za namna hiyo wasio na kituo cha kudumu hawaruhusiwi kukaa mahali pamoja. Zikipita wiki mbili, ng'oa kamba, sogea mbele.

Manka alitangaza habari hiyo siku ya misa ya mwaka ya mama yake, nyumbani, watu wamejaa, pilau bado iko mezani. Nadhani alidhani kwamba mbele za watu baba yake angejizuia. Telesphor akasimama na sahani mkononi.

"Mchaga ana kihamba," alisema. "Shamba la migomba la babu na la baba, na kihamba hakihami. Hata kuku ana banda, na banda halihami. Mtu anayelala juu ya maji, leo yuko huku kesho yuko kule, huyo si wa kwangu."

Manka akainuka. Alikwenda dirishani, kwenye chungu cha mama yake, akavunja shina moja la isale, akatoka nalo. Mlango ulibamizwa mpaka picha ya Papa ikaenda upande.

"Mmeona?" Telesphor akasema. "Mmeona alivyo? Amevunja isale la mama yake!"

Isale nalo nilieleze, kwa wasio wa mlimani. Ni mmea wa majani marefu ya kijani, wa kawaida tu kuutazama. Wachaga huupanda kwenye mipaka ya vihamba, ukiuona unajua hapa ni kwa fulani. Lakini kazi yake kubwa ni nyingine. Ukimkosea mtu, hata kosa la kumwaga damu, ukampelekea jani la isale, umeomba msamaha, na aliyepelekewa hawezi kukataa. Akikataa ameingia yeye kwenye kosa. London isale linauzwa kwenye maduka ya maua kama pambo la sebuleni. Margaret aliliona siku moja, akalipakata kwenye basi kama mtoto mpaka nyumbani. Sisi Wapare hatuna haja nalo, sisi tunakwenda mahakamani.

Ukapita mwaka na ushee. Baba hampigii binti, binti hampigii baba. Nikimtaja Manka, Telesphor anaongeza sauti ya televisheni. Chungu cha isale alikinywesha maji kila asubuhi, na lile shina lililovunjika hakuacha kulishika kwa kidole. Niliyaona hayo kutoka dirishani kwangu, na yaliniuma.

Halafu Manka akanipigia simu.

"Aunty Lydia, nina mimba. I'm due in September. Usimwambie Dad."

Siri mimi naijua kuitunza. Niliitunza mpaka nilipovuka barabara. Telesphor alikuwa anakunywa chai, nikamwambia hivyo hivyo, bila kuzunguka. Aliiacha chai mpaka ikaota ngozi. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Nani atampikia mtori?"

Nililia pale pale, sikungoja kufika nyumbani. Maana mzazi wa Kichaga akijifungua huwekwa ndani miezi, anapikiwa mtori wa ndizi na nyama, analishwa mpaka mashavu yanavimba, na kazi hiyo ni ya mama. Mama hayupo. Na baba amejifungia mlango mwenyewe, kwa ulimi wake mwenyewe, na mjukuu wa kwanza yuko njiani.

"Mpigie," nilimwambia.

"Neno kama lile haliombewi radhi kwa simu."

"Basi mpelekee isale."

"Baba ampelekee mtoto isale? Umeona wapi, Mpare wewe?"

"Na wewe umeona wapi baba kumfukuza mwanawe siku ya misa ya mama yake?"

Mtu mwingine yeyote angefukuzwa na kikombe kikamfuata. Mimi ni mtani. Aliinama akatazama meza, na alipoinua uso macho yalikuwa mekundu.

"Yuko wapi?" aliuliza.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Nilimpigia Manka, nikaungama kwamba nimevujisha, akanipa maneno yangu, kisha akasema: "Mimi siwezi kumwelekeza. Akinitaka, the canal is there. Mwambie basi halifiki." Na akakata. Binti ana kiburi cha baba yake, sijui kwa nini watu wanashangaa.

Basi kweli halifiki. Mfereji ule unapita Alperton, nyuma ya maduka ya Ealing Road, halafu unajipinda nyuma ya viwanda na makaburi mpaka karibu na Edgware Road, na njia yake ni ile ya zamani waliyopita farasi wakivuta boti za makaa. Gari haligusi. Kutembea kote huko Telesphor asingeweza, goti lake moja liliharibikia kwenye pedali ya breki. Ilibaki baiskeli.

Nilipomwambia alinitazama kama nimemwambia aende uchi.

Baiskeli tuliipata kwa Damyanti, mwenye duka la vyakula pale Ealing Road, Mhindi wa Moshi, anayeongea Kiswahili cha Moshi kuliko sisi wote. Ilikuwa ya marehemu mumewe, iko stoo nyuma ya magunia ya mchele. "Chukua, Bwana Telesphor," alisema. "Lakini kengele usiitoe. Mume wangu alipenda ile kengele." Akamtazama kwa huruma, akamwongezea na bandeji.

Basi nikawa mwalimu. Asubuhi, kabla ya kazi, jiko la shule ninakopika likiwa bado halijanihitaji, tulikwenda mferejini Alperton, mimi nimeshika kiti kwa nyuma, mzee wa miaka sitini na kitu yuko juu anatetemeka. "Usiniachie, Lydia! Lydia, usiniachie!" Nami nimeshamwachia zamani, namfuata nyuma nikisema nimekushika. Alianguka kwenye majani yanayowasha, akaanguka kwenye miiba ya matunda meusi, akaanguka mbele ya mama mmoja wa Kigujarati aliyekuwa akiwarushia bata mkate, naye mama akamrushia na yeye. Ndani ya maji hakuanguka hata mara moja. Nadhani alikumbuka kwamba kukausha nguo kunakula umeme.

Siku aliyoweza kweli nilikuwa nyuma yake. Alikwenda, akanyooka, akapiga kengele ya marehemu bila sababu, akaendelea mpaka pale mfereji unapopita juu ya daraja. Pale barabara kuu ya North Circular iko chini, magari yanapita, na maji yako juu, na bata wanaogelea juu ya malori. Telesphor alishuka. Maisha yake yote ya London alikuwa akipita huko chini na hakujua. Alishika ukuta, akatazama maji, akatazama magari.

"Lydia," alisema, "huu ni mfereji kama wa kwetu."

Akaanza. Kwamba babu yake alikuwa mzee wa mfereji Kibosho. Kwamba maji ya mlimani yalivushwa juu ya makorongo kwa magogo yaliyochongwa, kila mtu na zamu yake. Kwamba Waingereza lazima waliiga. Nikamwambia sisi Wapare tulikuwa na ndiva, mabwawa yetu ya kuhifadhi maji, wakati Wachaga bado wanakinga mvua kwa mdomo. Akacheka. Akacheka mpaka akaketi chini. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, na kwa sauti nikamwambia asiketi njiani kama tenga.

Tangu hapo hakukamatika. Kila siku yuko kwenye baiskeli, kipande kwa kipande, anatafuta boti ya kijani, maana aliiona mara moja tu, kwenye simu ya Manka siku ile ya ugomvi. Alirudi na habari. Ndege mkubwa wa kijivu anayesimama majini kama askari wa zamu. Kuku wa maji aliyejenga kiota kwa vijiti na mfuko wa plastiki. Chuma kwenye kona za madaraja, kimelika mistari mistari kwa kamba za farasi wa zamani. Boti zenye kuni juu ya paa, zenye baiskeli, zenye mbwa, zenye vyungu vya maua na nyanya. Alizikariri boti kama alivyozikariri zamani vituo vya basi. Na wale waliokuwa inzi sasa aliwainulia mkono, nao wakamwinulia.

Jumamosi moja alirudi ametulia sana, mabegani hana mzigo.

"Nimeliacha," alisema.

Alikuwa ameiona boti ya kijani, upande wa Park Royal, mahali inaponukia biskuti za kiwandani. Pazia zimefungwa. Alikata jani la isale nyumbani asubuhi ile, kama alivyofanya kila asubuhi, akalifunga kwa fundo kwenye kitasa cha mlango, akapanda baiskeli.

"Ulipiga hodi?" nilimuuliza.

"Nilifunga vizuri. Haliwezi kupeperuka."

"Telesphor, isale siyo gazeti. Linakabidhiwa mkononi. Ulipiga hodi?"

Aliogopa, ndiyo kweli yake. Mtu aliyepita na basi la ghorofa mbili katikati ya mashabiki wa Wembley siku ya fainali alimwogopa binti yake.

Tukangoja. Alihamishia kiti kwenye dirisha la mbele. Siku zikapita, wiki ikapita, na nyingine. Simu haikulia, mlango haukugongwa. Baiskeli ikasimama ukumbini. Nilimpelekea makande akayaacha yapoe.

"Amelikataa," aliniambia. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwetu haijasikika mtu kukataa isale. Basi neno langu lilikuwa baya kiasi hicho."

Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika. Nilitoka nikampigia Manka, na sikumsalimu.

"Wewe mtoto, umekataa isale la baba yako?"

"Isale gani?"

"Alilolifunga mlangoni pako! Park Royal!"

"Aunty, sijafika Park Royal tangu Easter. Niko Kensal Green." Kisha akashtuka. "Hang on. Dad alileta isale? Dad? Kwangu mimi?"

"Kwako wewe. Kwa baiskeli."

"Dad can't ride a bike."

"Anaendesha sasa. Ameanguka kwenye kila kichaka cha mfereji huu."

Nilisikia anavuta kamasi. "Tupo hapa karibu na matangi ya gesi ya zamani," alisema hatimaye. "Mpaka Jumapili. Usimwambie nimelia."

Nilivuka barabara na hilo nalo nikalisema. Telesphor alivaa viatu kabla sijamaliza. Jumamosi usiku alikesha na ndizi za Damyanti, na mtori aliupika mwenyewe, maana alikuwa amemwona Margaret akiupika mara nyingi. Nikauonja. Chumvi ilizidi, nikanyamaza. Jumapili baada ya misa aliufunga ndani ya hotpoti kwa kamba nyuma ya baiskeli, mimi nikaazima baiskeli ya jirani, tukaondoka.

"Isale uko nalo?" nilimuuliza tulipofika Alperton.

"Liko Park Royal."

"Kwa nini usikate jingine? Chungu kimejaa!"

"Isale halitolewi mara mbili kwa kosa moja," alisema. "Tutalichukua lile lile."

Ndiyo maana nasema, Mchaga hata msamaha anaubania.

Tulipofika Park Royal, boti ya kijani ilikuwa bado ipo, nadhani mwenyewe ana kituo cha kudumu. Jani lilikuwa dirishani, kwenye chupa ya maji, bado na fundo lake, na shina limeanza kutoa mizizi. Safari hii Telesphor alipiga hodi. Akatoka Mwingereza mzee mwenye ndevu nyeupe na kikombe mkononi.

Telesphor alimweleza kwa adabu kwamba lile jani ni lake, lilifika hapo kwa bahati mbaya. Mzee akafurahi. Alikuwa amejiuliza sana. Alidhani labda ni onyo la wakubwa wa mfereji, au ushirikina. "Lina maana gani?" aliuliza.

Telesphor ni mtu wa kweli, na huo wakati mwingine ni ugonjwa. "Maana yake," alisema, "nimekukosea, nakuomba unisamehe."

"Umenikosea nini?"

Nilitegemea atasema hapana, si wewe. Lakini alimtazama yule mzee, akaitazama baiskeli kuukuu iliyolala juu ya paa la boti.

"Umewahi kuendesha hiyo kwenye Harrow Road?" alimuuliza.

"Miaka mingi."

"Mimi nilikuwa dereva wa kumi na nane. Basi kuna siku nimekubana kwenye ukingo. Lazima ipo."

Yule mzee alicheka mpaka chai ikamwagika. Alisema ipo, tena zipo nyingi. Akashuka, akampa mkono, akamwambia amesamehe yote. Kisha akaingia ndani kulileta jani, na Telesphor akanigeukia na uso umemshuka.

"Lydia," alininong'oneza, "amelipokea."

"Nimeona."

"Isale likipokelewa halirudishwi."

"Najua."

Kwa hiyo tulimwachia Mwingereza jani lake na chupa yake, tukaendelea mikono mitupu. Kurudi Wembley kukata jingine ni mtori kupoa, na Manka angeng'oa kamba jioni ile. Telesphor aliendesha mbele yangu, mabega juu masikioni. Tulipita viwanda, tukapita chini ya madaraja ya reli. Ukuta wa makaburi ulipotokea ng'ambo, alipunguza mwendo.

"Nitamwambia nini?" aliuliza bila kugeuka.

"Utatumia mdomo. Ndio uliomfukuza."

Nilisema kwa ukali kwa sababu nami niliogopa. Watu hawa wawili nawapenda, na niliwajua: yeye akishindwa kusema, Manka hatamsaidia, na mtoto atazaliwa kati ya viburi viwili.

Ile fremu kubwa ya chuma ya tangi la gesi ilitokea, na chini yake boti zimepangana, na za kijani zilikuwa tatu. Telesphor alishuka kwenye baiskeli. Nikamwona anatazama paa la boti ya katikati, akaganda. Juu ya paa, kati ya kuni na ndoo, palikuwa na chungu cha udongo. Ndani ya chungu limesimama isale, refu, limenona, na chini kwenye shina, penye udongo, linaonekana kovu la mahali lilipovunjwa.

Alikwenda. Akagonga. "Hodi," alisema, kisha akarudia. "Hodi humu ndani."

Manka alitoka na tumbo lake mbele, akasimama kwenye ngazi ndogo ya nyuma. Hakuna aliyesalimu. Aliitazama baiskeli, akaitazama suruali ya baba yake iliyobanwa na vibanio vya nguo.

"Nimekuletea mtori," Telesphor alisema.

Manka akangoja.

Kazi ya mtani nikaifanya. "Mtori si msamaha, Mchaga. Sema."

Telesphor akanyoosha kidole juu ya paa. "Lile ni la mama yako?"

"Ni la kwangu," Manka alisema. "Nililichukua kwa Mama, nikalipanda. It marks where I live. Si ndiyo kazi yake?"

"Linahama kila wiki mbili."

"Linahama na mimi."

Kengele ikalia nyuma yetu. Kijana mmoja wa baiskeli, na nyuma yake mwingine, na mama mwenye mtoto kwenye kiti cha mbele. Njia ni nyembamba, na dereva mstaafu wa basi namba kumi na nane alikuwa amesimama katikati yake na baiskeli imelala upande. Hakusogea. Nadhani hakusikia.

"Manka," alisema, "nakuomba jani moja. Kutoka kwenye kihamba chako."

Alilitamka neno lile taratibu, na binti alilisikia. Aliinua mkono akakata jani refu kuliko yote, akampa. Telesphor akalipiga fundo. Vidole vilikuwa vinamsumbua, ikabidi afungue aanze upya, na wale wa kengele sasa wanatazama. Kisha akalishika kwa mikono miwili, akainama, baba kwa mwanawe, akalitoa.

"Nilisema wewe si wangu," alisema. "Nilisema mbele za watu, na sasa nasema mbele za watu. Nilikosa. Nisamehe, mwanangu."

Manka alilipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa na mama yake. "Nimepokea, Baba," alisema. Hakumwita Dad. Kisha akafuta pua kwa mkono wa fulana. "Sasa sogea, unazuia njia. Na uiname ukiingia."

Alisogea. Hakuinama, akajigonga kichwa, nasi wote tukacheka pamoja na wale wa njiani. Mtori waliula wote watatu, Harrison akaongeza mara mbili, na Manka akasema chumvi imezidi na akalamba bakuli.

Jioni, wakati wa kuondoka, Harrison alikuwa ameshaanza kufungua kamba. Telesphor alisimama ukingoni na hotpoti tupu mkononi. Mtoto alikuwa bado wiki chache.

"Akizaliwa mtakuwa wapi?" aliuliza.

"Sijui, Baba. Mahali fulani majini."

Nilimtazama Mchaga wangu, nikingoja ataje kuku na banda lake. Alifunga hotpoti nyuma ya baiskeli, akaijaribu kengele ya marehemu.

"Sawa," alisema. "Nitawatambua kwa isale lenu."